Kilo Mbili na Gramu Mia Tatu

Nilikuwa na mizani mkononi, na bado nilidanganywa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mimi ni fundi wa mizani. Sikusomea popote. Nilifungua mizani mbovu ya duka la baba, nikaifunga ikapima sawa, na tangu siku hiyo sijaacha. Kazini wananiita Gramu, kwa sababu siwezi kuona kitu nisikipime, na nikishakipima naandika uzito wake kwenye utepe wa kunata, nabandika. Mitungi ya gesi, masanduku, mabegi ya watoto ya shule. Mke wangu husema siku nikifa nitabandikwa utepe kwenye paji la uso. Acha aseme. Mimi naandika kilichopo. Siongezi, sipunguzi.

Mwaka jana kitengo chetu kilialikwa kwenye mkutano wa mafundi wa vipimo, mji wa mbali, saa tisa ndani ya basi. Karibu na mji huo kuna maporomoko ya maji. Mke wangu aliikata picha yake kwenye kalenda mwaka tuliooana, akaibandika ndani ya mlango wa kabati. Miaka kumi na miwili anafungua kabati, anaitazama, anafunga. Nikasema basi, safari hii tunakwenda wote. Siku mbili za mkutano, siku moja ya maporomoko, watoto wabaki kwa bibi yao.

Mkuu wa kitengo akakata posho nusu.

"Fundi, wewe si mtu wa hoteli," akaniambia, huku anajizungusha kwenye kiti chake. "Pa kulala hutakosa."

Nilitoka mle ofisini nafoka peke yangu. Nikashika kalamu. Nauli ya watu wawili iliingia, chakula kikaingia kwa kujibana, kiingilio cha maporomoko kikaingia. Kitanda kiligoma. Kila nilivyopanga, kitanda kilibaki nje ya karatasi.

Aliyenisikia nafoka ni mtunza stoo. Tulimwita Kamba, maana mwaka ule alikonda mpaka suruali akawa anaifunga kwa kamba ya katani, na sisi tukacheka. Mungu atusamehe, tulicheka sana.

"Gramu, punguza sauti," akasema. "Kule nina shangazi. Ana chumba. Hutatoa hata senti. Unipelekee tu kamzigo kake kadogo."

Alikuja nyumbani jioni, jua linazama. Nilikuwa uani napima mabegi, maana mabasi siku hizi yanatoza kila kilo inayozidi. Mke wangu alikuwa ametoka kupanda kwenye mizani kubwa kwa utani: sabini na moja na gramu mia nne.

"Andika na hiyo," akasema. "Ujue umeoa mtu, si kivuli."

Nikaandika.

Mzigo wenyewe ulikuwa mfuko wa kitambaa cheusi, wenye mkanda, mdomo umeshonwa. Nikamwambia Kamba autundike kwenye ndoana ya mizani yangu ya mkono. Kilo mbili na gramu mia tatu. Nikaandika utepe, nikabandika. Akautundua mwenyewe. Mikono yangu imejaa, mizani huku, kalamu huku, basi akamgeukia mke wangu.

"Shemeji, unapokea kwa hiari?"

Aliuliza kama mzaha.

"Kwa hiari yote, shemeji," mke wangu akajibu huku anacheka, akautwaa.

Kamba akashusha pumzi. Pumzi ndefu... kama mtu aliyetua gunia.

Niliisikia pumzi ile. Niliisikia vizuri, na sikuuliza.

*

Shangazi alitupokea mlangoni. Kibibi kidogo, mwili kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Nyumba yake ilikuwa na sakafu ya mbao. Mimi nikitembea mbao zinalia, mke wangu akitembea zinalia. Yeye akitembea... kimya.

"Mzigo wako huu, shangazi," mke wangu akasema, akimnyoshea mfuko.

Kibibi akaficha mikono mgongoni. Haraka, kama mtu aliyeonyeshwa moto.

"Kaa nao kwanza, mwanangu. Uweke chumbani kwenu, juu."

Usiku ule mke wangu alisema amechoka. Kesho yake alisema hivyo hivyo. Nikasema ni basi, ni maji mageni, ni godoro. Mimi nilikuwa na mambo yangu mkutanoni, nabishana na watu wenye vyeti kuhusu springi.

Siku ya pili mchana alinifuata kwenye banda la maonyesho. Kulikuwa na kampuni imeleta mizani mpya, ya kioo, inayosoma mpaka gramu. Kijana wa tai akamwambia, "Mama, panda tukupime bure."

Akapanda.

Sitini na sita na gramu mia moja.

"Mizani yako mbovu," nikamwambia yule kijana.

"Mzee, hii imetoka kiwandani juzi."

"Hata ingetoka mbinguni asubuhi ya leo. Mbovu."

Natembea na jiwe la mizani la kilo moja mfukoni, la shaba, limehakikiwa. Nikaliweka kwenye kioo. Kilo moja kamili. Nikaligeuza, nikaliweka pembeni, nikaliweka katikati. Kilo moja kamili. Watu wakaanza kucheka. Mke wangu akanivuta shati.

"Baba watoto, twende. Nimekonda, hujafurahi?"

Sikucheka. Gauni lake lilikuwa linamning'inia mabegani kama liko kwenye msumari.

Tulifika chumbani jua linakaribia kuzama. Sijui kwa nini nilitazama mfuko. Labda ni yale mazoea yangu tu. Nikapitisha ndoana kwenye mkanda, nikanyanyua.

Kilo saba na gramu mia sita.

Utepe wangu, mwandiko wangu, unasema mbili na mia tatu.

Nikatoa. Zimezidi tano na mia tatu. Nikachukua sabini na moja na mia nne za mke wangu, nikatoa sitini na sita na mia moja.

Tano na mia tatu.

Gramu kwa gramu.

Nilichukua kisu nikakata mshono. Ndani hamkuwa na kitu. Nasema hamkuwa na kitu, nimeingiza mkono mpaka kwenye pembe. Ila kulikuwa na joto... joto la shuka ambamo mtu ameamka sasa hivi. Na harufu. Mafuta ya nywele ya mke wangu, yale anayopaka kila asubuhi, yakanijaa puani kutoka kwenye mfuko mtupu uliokuwa unakata kidole changu kwa uzito.

Nikashuka nao kwa kibibi. Niliushika kwa ndoana ya mizani, sikuugusa kwa mkono. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, na kamba za kiti hazikubonyea.

"Nini hii?"

"Punguza sauti," akanong'ona. Kama Kamba. Wote ukoo mmoja.

"Nakuuliza nini hii. Kesho naitupa kwenye maporomoko."

"Itupe, na kilo tano za mkeo ziende na maji. Zimo humo, mwanangu, mfuko bado haujazimeza. Utarudi kwenu na mke mwepesi, halafu mwepesi zaidi."

"Wewe ndiye mchawi."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Mimi nilipewa na jirani. Jirani alipewa na mtu. Ukimpa mwingine, mkono kwa mkono, akapokea kwa hiari yake, zako zinakurudia zote. Lakini usichelewe sana. Mimi niliona haya kumtwisha mtu bila kumwambia, na kila niliyemwambia alikimbia. Miaka sita. Mwishowe mpwa wangu huyo aliyewatuma aliupokea kwa huruma, akijua. Zangu hazikurudi. Zilikuwa zimeshakwenda." Akanyanyua mguu wake, mwembamba kama mwiko, akautazama kama si wake. "Mimi pia nilikuwa mtu mkweli."

Nikapanda juu. Mke wangu alikuwa kitandani, macho wazi. Mbao zilikuwa zimempelekea maneno yote.

Nikautua mfuko kando yake. "Nipe," nikamwambia.

"Sikupi."

"Mama watoto, nipe kabla sijavunja nyumba ya watu."

Aliushika, akautazama, akalia kidogo. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini sana, "Unapokea kwa hiari?"

"Kwa hiari yote."

Asubuhi mbao zililia chini ya miguu yake kama siku ya kwanza. Tulikwenda kwenye maporomoko. Kiingilio tulikwisha kukipanga, tungekiacha kwa nini? Picha tunayo. Yeye anatazama maji. Mimi nimeshika mkanda wa mfuko kwa mikono miwili, nimekunja uso kama nimesimamishwa mahakamani.

*

Niliporudi kazini Kamba alikuwa amevaa mkanda wa ngozi. Tumbo limeanza kurudi, mashavu yamejaa. Nilimkamata shingoni katikati ya mashelfu.

"Pokea mzigo wako."

Mikono yake ikaenda mgongoni.

"Nipige, Gramu. Nipige hata leo nzima. Kupokea sipokei."

"Ulimpa mke wangu. Mimi nilisimama pale na mizani, ukampa mke wangu."

"Ningekwambia, ungeuchukua?"

Nikampiga kofi moja, nikamwachia. Kwa sababu jibu nilikuwa nalo na sikulipenda.

Miezi minne nikaubeba. Sikumficha mtu. Waliouliza niliwaambia: mfuko huu unakula kilo za mtu, unautaka? Wakacheka, kisha wakaacha kucheka, kisha wakaanza kupita upande wa pili wa korido. Nilianza na sabini na nane. Nikafika hamsini na mbili. Suruali nikaifunga kwa waya wa mizani, na nililala nimejifunga ule mkanda wa mfuko kifundoni mwa mguu ili asiuguse mtu.

Kisha asubuhi moja nikanyanyuka kitandani na kitanda kikalia.

Nikapanda kwenye mizani. Sabini na saba na nusu.

Nilikimbilia jikoni kama mwendawazimu, nataka kumkumbatia mke wangu. Alikuwa amenipa mgongo, anakoroga uji. Gauni lake lilikuwa limebanwa nyuma kwa pini. Pini nne, zimepangwa mstari.

Zile pini hazikuanza jana.

"Tangu lini?"

"Wiki tatu. Zilikurudia kidogo kidogo, na wewe ulikuwa hoi, hujui hata mkanda umefungwa wapi, huna nguvu za kupanda kwenye mizani yako."

"Mimi sikukupa."

"Ulinipa. Ulikuwa umelala. Nikakuambia napokea kwa hiari, baba watoto, nipe. Ukasema haya. Ukanyosha mkono mwenyewe."

"Nirudishie."

Akageuka. Mikono yake ilikuwa mgongoni.

Nilifoka. Nilivunja sahani mbili. Nilipiga magoti. Hakunipa. Kila asubuhi pini iliongezeka moja.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa sitaki mtu anipunguzie wala aniongezee.

Wiki iliyopita mkuu wa kitengo aliniita. Kiti kinazunguka. "Fundi, mkutano wa mwaka huu naenda mimi. Nataka kupeleka na familia ikaone yale maporomoko. Nasikia wewe ulipata chumba cha bure. Mambo yenyewe si unayajua, hela ngumu."

Hela ngumu. Yeye.

Hasira iliyonipanda ilikuwa tamu. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu hasira ilikuwa tamu.

"Chumba kipo, mkuu," nikasema. "Kuna kamzigo tu ka yule mama mwenye nyumba. Pita nyumbani jioni."

Kisha nikanyamaza, pale pale ambapo mimi huwa sinyamazi.

Jioni mke wangu alinikuta uani. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mfuko, nabandua utepe kwa ukucha. Utepe wa kwanza kuubandua tangu nianze kazi hii.

"Huandiki uzito?" akanong'ona.

"Nipe mimi. Nitaongea naye mimi."

Akachuchumaa kando yangu. Mwanga ulikuwa unaondoka, na mabega yake yalikuwa yamechongoka kama ya kuku. Akauinua, akaninyoshea.

"Unapokea kwa hiari?"

"Kwa hiari yote."

"Haya. Ila utamwambia ukweli. Wewe si mtu wa kuficha."

Gari likasimama nje. Likapiga honi. Mlango wa gari ukafunguka, ukafungwa. Nilijiandaa, maneno yote ya mkuu yakiwa yananichoma kifuani, kile kiti, ile posho, ule mdomo.

Mlango ukagongwa. Taratibu.

Alikuwa mke wake.

Mama mnene, mchangamfu, simfahamu. Nyuma yake mkuu amebaki kwenye usukani, anaongea na simu.

"Shikamoo, fundi. Amesema nikuchukulie huo mzigo. Jamani, maporomoko! Mimi nimeyaona kwenye picha tu."

Akanyosha mikono yote miwili.

Nilikuwa na mizani mkononi. Sikupima.

"Unapokea kwa hiari, mama?"

Akacheka. "Kwa hiari yote."

Nikashusha pumzi. Pumzi ndefu.

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaingia ndani kabla gari halijaondoka. Mwili wake umerudi, pini zote amezitoa, ameziweka kwenye kikombe. Chakula hali nami meza moja.

Leo nimeamka nikahisi kitu kimenata kwenye paji la uso. Nikakibandua mbele ya kioo. Utepe wangu, umekatwa kwa meno kama ninavyokata mimi.

Nikamwuliza kama ni yeye. Akasema si yeye. Namwamini, yeye hajawahi kunidanganya.

Haukuwa na namba.

Nimepanda kwenye mizani mara tatu tangu asubuhi. Mshale haujatikisika kutoka kwenye sifuri.