Tundu la Nane

Mambo haya yalimpata jirani yetu Bertha, mke wa fundi Methusela wa Nguvumali. Bertha ni hodari wa kuchekesha watu, hata msibani. Kisa hiki tu ndicho asichokisimulia kwa kucheka.

Ilikuwa mwaka 1953, Jumanne asubuhi, jua limeshapanda. Bertha alikaa kibarazani akichambua mchele, na kitinda mimba wao Lea, wa miaka minne, amejilaza mapajani pake kwa kudeka tu. Hatua kumi mbele yao, chini ya banda la mabati, Methusela alikuwa akifungua injini ya gari la samaki la mzee Sadalla wa Kigombe. Gari lilikuwa limepoteza nguvu. Kila likifika kilimani lilikohoa likakataa kupanda.

Sadalla alilileta jana yake.

"Shikamoo, mzee Sadalla."

"Marahaba, fundi. Nimekuletea mgonjwa. Ila nina sharti moja. Ukishaifungua injini hiyo, usitaje jina la mtu mbele yake."

Methusela, Mshambaa wa Lushoto na Mlutheri wa benchi la mbele, alicheka mpaka akashika kiuno. "Mzee wangu, chuma hakina masikio."

Sadalla hakucheka. Aliweka ufunguo juu ya boneti akaenda zake.

Sasa, Methusela alikuwa na desturi yake ya kazi. Injini ile ilikuwa na valvu nane za kupitishia hewa, na kila valvu imezoea kiti chake; ukizichanganya, umeharibu. Mafundi wengine huziandikia namba. Yeye namba hakuziamini, kwani huyu huhesabu kutoka mbele na yule kutoka nyuma. Alitoboa matundu manane kwenye kipande cha boksi la sabuni, na juu ya kila tundu akaandika kwa chaki jina la mtu wa nyumbani kwake, kwa umri: mama yake, yeye mwenyewe, Bertha, kisha watoto watano. Watu wa nyumba moja hawawezi kunichanganya, alikuwa akisema. Bertha aliyazoea majina yale kiasi kwamba hakukumbuka kumwonya. Hilo bado linamuuma.

Methusela alilegeza nati kwa zamu, kutoka pembeni kuja katikati, ili silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, isijipinde. Akaiinua, akaipindua juu ya meza. Akaanza kuchomoa valvu moja moja, zilizo kama uyoga wa chuma, na kila akichomeka moja kwenye tundu lake akataja jina kwa sauti, makusudi, kumkomoa Sadalla aliyekuwa hayupo.

Saba zilikuwa nyeusi kwa masizi, lakini nzima. Ya nane ilikuwa imelika ukingoni. Haikuwa na masizi hata chembe.

"Lea," alisema Methusela, akiichomeka. Akaigusa tena. "Mama Luka, hebu njoo uishike hii."

Bertha alimlaza mtoto mkekani, akaenda, akaishika. Ilikuwa na joto, na gari lilikuwa halijawashwa tangu jana.

"Ni jua," alisema Methusela. Banda lile halipigwi na jua mpaka saa tisa.

Akaanza kuzisaga valvu. Fundi hupaka dawa ya mchanga ukingoni, akaibana valvu kwa kijiti, kisha akakizungusha kati ya viganja, kama mtu anayepekecha moto, mpaka valvu na kiti chake vishikane pasipite hewa. Saba zilikwenda vizuri. Akaichukua ya nane.

Bertha alikuwa amerudi kibarazani. Alisikia mluzi mwembamba. Aliudhania ni wa kijiti. Alipotazama chini, ulikuwa unatoka kifuani mwa Lea.

Midomo ya mtoto ilikuwa ya majivu. Bertha alimnyanyua, akampigapiga mgongoni. Mluzi ukakatika, Lea akavuta pumzi ndefu. Bertha alimshukuru Mungu, akainua macho. Methusela alikuwa amesimama kufuta jasho.

Methusela akashika tena kijiti. Mluzi ukaanza.

Akaacha. Mtoto akapumua.

Akashika. Mluzi.

"Baba Luka," alisema Bertha, na sauti ilikuwa kama si yake. "Acha. Usikiguse hicho."

Methusela alimtazama mkewe, akamtazama mtoto, akaelewa. Ubishi wote ulimtoka usoni. Alizirudisha valvu kwenye viti vyake, akamimina mafuta ya taa juu yake, ndivyo mafundi wanavyopima. Saba zilishika. Ya nane ilivuja, tone moja, kisha jingine. Lea hakuwa akipiga mluzi tena. Alikuwa akilegea. Kila tone likianguka, kichwa chake kilishuka kidogo begani kwa mama yake.

Ikisagwa, inambana. Ikiachwa, inamvuja.

Methusela alilamba kidole akafuta jina juu ya tundu la nane. Kifua cha Lea kikasimama kabisa. Bertha aliweka sikio. Hakusikia kitu. Methusela akaliandika jina upya, herufi zimepinda, na pumzi ikarudi, nyembamba.

Sadalla aliitwa kwa mtu wa baiskeli. Alifika alasiri, akasimama nje ya banda, hakuingia.

"Ulitaja jina?"

"Nilitaja."

"Gari hili nililinunua Mkwaja kwa mjane wa fundi," Sadalla alinong'ona. "Mumewe alikuwa akiifungua injini huku akiimba majina ya wadogo zake. Valvu nzima haina shida, fundi. Mbovu ndiyo inayoshika mtu. Na ikishashika jina hairudishi. Hupokea jingine tu."

 Methusela alikuwa na chaki mkononi, na alimtazama Sadalla kwa muda mrefu. Mzee alirudi nyuma hatua moja. Bertha anakiri kwamba wakati ule alimwombea mumewe aandike "Sadalla". Anakiri na kulia.

Methusela alifuta "Lea", akaandika "Methusela". Kisha akashika kijiti.

Alizungusha. Midomo yake ikawa ya majivu. Alipumzika, akavuta hewa, akazungusha tena. Bertha alihesabu mizunguko. Alipofika mia akaacha kuhesabu. Lea alikuwa amekaa mkekani akila wali wa jana, mzima.

Kabla ya magharibi mafuta hayakuvuja tena. Methusela alifunga hedi, akakaza nati kutoka katikati kwenda pembeni, akawasha. Injini ilinguruma vizuri kuliko siku iliyotoka kiwandani.

Aliishi miaka mitano. Tulijua gari la Sadalla liko wapi kwa kumtazama yeye. Likipanda kilima cha kwenda Muheza, Methusela aliacha spana, akashika meza, akahema mpaka lishuke. Asubuhi moja ya Ijumaa, mwaka 1958, alinyanyua kikombe cha chai na hakikufika mdomoni. Jioni Sadalla akafika akilia: gari limezimika njiani, saa mbili asubuhi, na halitaki kuwaka. Alikuwa amelivutisha mpaka Nguvumali kwa sababu hakujua pengine pa kulipeleka. Wakaliingiza bandani.

Jumapili, baada ya maziko, Bertha alilichukua lile boksi la matundu alichome moto. Majina saba yalikuwepo. Juu ya tundu la nane palikuwa patupu, safi. Aliliweka chini, akaingia ndani kutafuta kiberiti.

Alipotoka, boksi lilikuwa limelala kifudifudi. Lea, wa miaka tisa sasa, alisimama bandani na kiganja juu ya boneti.

"Mama," alisema, "bado ina joto."

Vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa chaki.

Bertha hakuuliza. Hakuligeuza boksi, wala hajaligeuza hadi leo. Kulichoma anaogopa, kwa kuwa hajui ni jina la nani atakalolichoma. Ukimtembelea utaliona juu ya kabati, limelala vilevile kifudifudi, kavu ukiligusa. Chini yake ameweka kibakuli cha kukinga matone. Kila Jumamosi hukimwaga uani, na uani kwake kunanuka mafuta ya taa.