Kiraka cha Njano

Walikutana mlangoni mwa ukumbi wa shule, watu walipofurika kujitolea kukagua picha za mafuriko zilizopigwa kutoka angani. Fundi umeme alimkanyaga binti mmoja, fundi cherehani, papo hapo shati la jamaa la buluu likanasa kwenye msumari na kuchanika begani.

"Umenikanyaga, umelipwa hapo hapo!" binti akacheka. "Lete nikutie kiraka."

Kiraka kilikuwa cha njano. Mapenzi nayo yakaanza hivyo, bila hodi.

Wiki ya tatu wakakorofishana. Mto ulikuwa unapanda tena, na jamaa alitumwa kwenye nyumba za huko kukata umeme.

"Usiende."

"Mpenzi, ni kazi."

"Nenda basi! Na usinipigie!"

Akaenda. Mchana binti akakaa ukumbini kwenye kompyuta, kanuna, anabonyeza tu. Utaratibu ulikuwa huu: wawili wakisema "hakuna mtu", picha inafutwa na boti ya uokoaji haiendi. Paa jekundu, tope, takataka. Hakuna mtu. Picha ikapita.

Kidole kikaganda. Kwenye zile takataka, si kulikuwa na kitu cha njano juu ya buluu?

Akapiga simu. Haipatikani. Akamkimbilia msimamizi.

"Mama, nimeua mtu! Irudishe picha!"

"Hairudi, mwanangu. Imeshakwenda kwa mwingine."

"Kwa nani?"

"Mashine haisemi."

Lo! Binti akapanda juu ya benchi, kanga inamdondoka, hajali.

"Jamani! Paa jekundu, kiraka cha njano! Mwenye picha hiyo asibonyeze! Nawaomba!"

Watu sitini wakainamia kompyuta zao. Kisha mwalimu mstaafu, kule nyuma kabisa, akainua mkono mmoja. Wa pili, uliokuwa juu ya kitufe, haukuthubutu kusogea.

"Ninayo, binti. Nilikuwa nataka kusema hakuna."

Boti ikatoka. Saa mbili nzima binti alikaa sakafuni, simu mapajani, akiogopa isilie na akiogopa ilie. Ikalia. Namba ngeni.

"Ulisema nisikupigie."

"Nyamaza wewe! Uko mzima?"

"Mguu umevunjika. Mengine yote yapo."

Akalia kwa sauti. "Nilikuona, nikasema hakuna mtu. Mimi mwenyewe."

Injini ya boti ikasikika ikinguruma simuni.

"Haya, tazama tena," jamaa akasema polepole. "Kuna nani?"

"Kuna mume wangu," akajibu, "kama bado ananitaka."

"Anakutaka. Ila shati limechanika tena."