Mbuzi wa Radhi

Tone la rangi nyekundu lilimdondokea Nyamvula begani pale kivukoni Likoni, katikati ya msongamano wa watu, mikokoteni na kuku waliofungwa miguu, na leso yenyewe ndiyo kwanza inatoka dukani. Aligeuka akiwa tayari kutukana. Nyuma yake alisimama kijana mrefu, suruali ya kaki imejaa madoa ya kila namna, kopo la rangi begani, macho yanacheka kabla ya mdomo.

"Nisamehe, bibi. Nitakununulia nyingine."

"Kwa mshahara gani? Huo wa kujimwagia rangi?"

"Basi niambie wakaa wapi, nije niifue kwa mikono yangu."

Hakumwambia, ila alipoondoka alitembea polepole ili asipotee machoni, na kijana naye hakuwa mjinga. Jina lake Ghalib, mwenyeji wa Kisauni, mpaka rangi wa meli pale Kilindini. Nyamvula alikuwa mshonaji katika duka la Bwana Kasamali, mbele nguo, nyuma chumba cha kupigia picha. Duka lilikuwa na simu, na haukupita muda Ghalib akawa anambembeleza karani wa bandarini amruhusu kupiga.

"Nauliza gauni langu," husema kwa sauti nzito ya bwana mkubwa.

"La rangi gani, bwana?"

"Rangi ya huyo aliyeshika simu."

Nyamvula hungojea hadi tajiri yake ageuke, ndipo acheke. Posa ililetwa, Mzee Tsofa, baba yake, akaipokea kwa moyo mweupe, na mambo yangekwenda vyema hadi siku ya nikahi. Lakini ikaja sinema, na akili za watu zikaondoka nayo.

Kisa cha sinema yenyewe kila mtu Likoni alikijua. Wakati wa vita, Mzee Tsofa aliketi kwenye benchi la Wazungu pale kivukoni kwa kuwa alikuwa na homa na miguu imemwisha nguvu. Afisa mmoja wa Kizungu akamwamuru ainuke. Aliposhindwa, afisa akamwita nyapara, Mwafrika mwenzake Tsofa, amshike mikono kwa nyuma, na afisa akampiga makofi mbele ya umati, kofia ikaviringika hadi majini. Kasamali alikuwepo siku ile na hakuwahi kuisahau. Mwaka ule wa mgomo wa bandarini, watu walipoanza kuyasema kwa sauti madhila waliyotendewa kwa ajili ya rangi zao, alinunua kamera ya sinema iliyotumika na kuapa kwamba kisa kile lazima kionekane. Mzee Tsofa alipoombwa ruhusa alisema, "Fanyeni mtakavyo," akaendelea kusuka mkeka wake.

Masha, kijana mzuri wa Mtongwe, akapewa kuwa Mzee Tsofa. Afisa akawa muuza kahawa mmoja mweupe wa sura, akapakwa unga hadi masikioni. Nyapara hakuna aliyemtaka. Kwa kuwa kila mtu alikataa na Kasamali alikaribia kulia, Ghalib akajitolea. Koti la nyapara, la kaki lenye vifungo vya shaba, Nyamvula ndiye aliyelishona, na alipomvisha kulijaribu akamwambia limemkaa vizuri kuliko kanzu ya Idi.

Sinema ilionyeshwa kwenye shuka jeupe nyuma ya duka, watu wameketi mikekani. Sauti haikuwa nayo, kwa hiyo Kasamali alisimama kando na kipaza sauti akieleza nani anasema nini. Walipomwona mzungu wa unga walicheka hadi wakashikana mbavu. Walipomwona Masha walinyamaza, na wanawake wakajifuta macho. Ghalib alipomshika Masha mikono kwa nyuma, kiatu kikaruka kikalipiga shuka, kisha cha pili, kisha mtu akapaza sauti kwamba mbwa huyo mwenyewe yupo hapa, ameketi nyuma. Ghalib alitoroka kwa kuruka ua, mguuni ndara moja.

Nyamvula alidhani asubuhi watu watajicheka wenyewe. Wapi! Masha alinyweshwa kahawa ya bure kila kijiwe, na bibi mmoja akamletea mafuta ya kujichua shavu, shavu ambalo halikuguswa na mtu. Watoto walimfuata mzungu wa unga wakimwomba atembee kizungu. Lakini Ghalib akija kununua samaki, muuzaji hulifunika kapu. Akiketi kivukoni, benchi zima linahama. Nyamvula alieleza hadi koo likamkauka, kwamba huyu ni mpaka rangi, kwamba wakati wa kisa hicho alikuwa chuoni Kisauni anasoma juzuu, kwamba koti amelishona yeye. Wakamwitikia kwa upole kama mgonjwa anavyoitikiwa, kisha wakasema, "Lakini si alimshika? Tumeona kwa macho yetu."

Na lililomtia wazimu zaidi ni hili. Nyapara wa kweli, Mzee Stambuli, alikuwa hai, mzima wa afya, kanzu inanukia udi, na kila Ijumaa alikuwa safu ya kwanza msikitini. Watu walimpa shikamoo, wakamwachia njia. Sinema aliitazama naye, akatikisa kichwa na kusema kwamba ulimwengu una watu wabaya. Hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo kumtazama.

Kisha ami zake Nyamvula wakashika desturi. Katika ukoo wao, anayemwinulia mzee mkono hutoa mbuzi wa radhi mbele ya wazee, la sivyo haozwi binti wa nyumba hiyo. Nyamvula alimwendea baba yake, akamwambia hili ni jambo la kuchekesha, alikomeshe. Mzee Tsofa, ambaye tangu usiku wa sinema maneno yake yalikuwa ya kuhesabika, alisema tu, "Waache wazee wakae." Na wazee waliochaguliwa kukaa walikuwa watatu, mmoja wao Mzee Stambuli.

Simu ililia dukani siku hiyo hiyo.

"Nimesikia," Ghalib akasema. "Nitamleta mbuzi Ijumaa."

"Hutaleta."

"Mpenzi, kama mlango wenu una kimo cha mbuzi, mimi nitainama nipite."

"Wanisikia wewe? Ukitoa mbuzi umekubali kwamba ni wewe. Watoto wetu wataitwa watoto wa nyapara. Na yule mzee ataila nyama na kuramba vidole."

"Nisipotoa nakukosa."

"Na ukitoa wanikosa vilevile, wallahi. Sitaki mume asiyejua yeye ni nani."

Akaikata simu. Ilipolia tena hakuinyanyua, na kushona alishona vibaya mchana kutwa, akafumua mkono wa gauni la watu na kuurudia.

Ijumaa baada ya swala Ghalib alikuja. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi, mkononi kamba, kwenye kamba beberu mweusi. Nyamvula alimwona kwa nyuma ya pazia, alikokuwa akitayarisha kahawa, na moyo wake ukauma kwa hasira na kwa mapenzi, asijue kipi kimezidi. Alikuwa amemwambia. Amemwambia kwa Kiswahili safi.

Barazani waliketi wazee watatu, Mzee Tsofa pembeni yao, ami zake Nyamvula nyuma. Mzee Stambuli, aliyekuwa mkubwa wao, ndiye aliyeongea. Alisema kijana ajue kosa lake ni zito, kumshika mzee mgonjwa apigwe na Mzungu, na aombe radhi kwa kinywa chake, akilitaja kosa lote lilivyokuwa.

"Nilitaje lote?" Ghalib akauliza.

"Lote."

Ghalib akamfunga mbuzi kwenye nguzo. Akapiga magoti mbele ya Mzee Tsofa.

"Mzee wangu, mimi nyapara Stambuli wa kivukoni," akasema, polepole na wazi, "siku ile ya homa yako nilikushika mikono. Nilikujua. Tulikuwa tukiswali pamoja. Nilikushika, ukapigwa, na baada ya hapo sikuja kukujulia hali. Miaka yote hii napokea shikamoo za watoto wako, wala sijakwambia neno. Naomba unisamehe."

Nyamvula aliiweka birika chini ili isimwanguke. Ami mmoja alianza kusema kwamba huo ni utovu wa adabu, akaona uso wa Mzee Tsofa, akanyamaza.

Mzee Stambuli alitazama mlangoni, akamtazama Ghalib, mwishowe akamtazama mwenye nyumba.

"Niliamrishwa, Tsofa," akasema. "Ningefanya nini? Niliamrishwa."

"Najua," Mzee Tsofa akajibu. "Na kijana huyu naye aliamrishwa na Kasamali amshike Masha. Yeye ameomba radhi."

Mzee Stambuli akavua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili, na huyo mzee wa safu ya kwanza akaanza kulia bila kujificha, mabega yakitikisika. Alisema kijana achukue mbuzi wake. Wa kwake yeye ataleta kesho, na kama Tsofa hatamtaka mbuzi, hata hivyo atakuja. Mzee Tsofa hakusema amesamehe. Alisema, "Njoo," na wote wakaelewa kwamba kwa leo inatosha.

Ndipo akageuza uso kuelekea pazia.

"Nyamvula."

"Abee, baba."

"Mletee mumeo kahawa."

Alijitanda leso vizuri, akatoka na sinia. Kahawa nyingine ikamwagika kwenye sinia, na machozi aliyoyazuia wiki nzima yakamtoka mbele ya ami zake wote. Ghalib bado alikuwa amepiga magoti. Nyamvula alipoinama kumpa kikombe, alimnong'oneza kwa meno yaliyobana.

"Ungeniambia."

"Ungenikataza."

"Ningekukataza," akasema Nyamvula, na hakuwa na haraka ya kuinuka.