Usiivuke Kamba, Mume Wangu

"Simama hapohapo, Mihayo! Usiivuke hiyo kamba!"

Mihayo alisimama, begi begani, vumbi la machimbo ya Rwamgasa bado kichwani. Miezi mitatu hajamwona mkewe. Sasa Limi huyu hapa mlangoni, tumbo la miezi minane mbele, anamwonyesha kamba ya ng'ombe iliyolazwa katikati ya uwanja.

"Ndivyo mnavyopokea wageni hapa Kharumwa siku hizi?"

"Mgeni wa machimboni wakati huu wa korona, ndiyo. Utalala ghalani na magunia ya mpunga siku kumi na nne. Chakula mayu atakuwekea juu ya kinu."

Mayu ni Lusia, mama yake Mihayo. Alikuwa jikoni anacheka huku anajifuta machozi kwa kanga.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba baba. Mtii mkeo. Hiyo kamba mimi ndiye niliyemshikia upande mmoja."

Basi wakaishi hivyo, hatua ishirini katikati, wanapigiana simu kama watu wa mikoa miwili.

"Limi, geuka kidogo nikuone ubavuni."

"Sina haya mie? Mama yako yupo."

"Mama kashaliona tumbo. Mimi ndiye sijaligusa."

Siku ya tano Mihayo akaomba kuiona kadi ya kliniki. Huko machimboni kila mwezi alipokea meseji: "Nimetoka kliniki mume wangu. Mtoto mzima." Limi akasema kadi haionekani. Jioni Lusia aliipeleka juu ya kinu pamoja na ugali.

Mihayo akasoma. Tarehe ya mwisho ilikuwa ya Februari, na huu ni Mei. Akapiga simu.

"Limi, Machi ulikwenda kliniki gani?"

Limi akaingia ndani na simu yake.

"Na Aprili?"

"Niliogopa, Mihayo. Watu wanasema hospitali unaingia kwa miguu yako, unatoka umefungwa nailoni. Nilifika hadi getini, nikasikia mtu anakohoa, nikarudi. Kila nikilala naota nimezaa, halafu mtoto ananyang'anywa."

"Mbona ulinidanganya?"

"Ningekwambia ungeacha duara lako, shimo la dhahabu, ukaja mbio, uuchukue huo ugonjwa kwenye basi."

Mihayo akakaa juu ya gunia.

"Na mimi nilikudanganya. Nilikwambia kambini wote wazima. Edson, tuliyelala naye hema moja, alikohoa wiki nzima. Kapona, lakini ndiyo maana sikubishana na kamba yako."

"Mihayo wewe!"

"Tumefichana kwa mapenzi, Limi, na mtoto ndiye atakayeumia. Kesho twende kliniki."

"Siendi!" Akakata simu.

Baadaye meseji ya Mihayo ikaingia: "Sali, halafu uniambie Mungu amekujibu nini."

Limi akajibu: "Amenyamaza."

Lusia alikuwa amekaa pembeni yake, anamtazama miguuni.

"Hajanyamaza, mwanangu. Miguu yako imevimba tangu Jumapili. Unataka akusemeshe kwa tarumbeta?"

Asubuhi Limi aliamka kichwa kinampasuka.

"Mayu, naona vimulimuli, na jua limeshatoka. Nipelekeni kliniki."

Limi alikataa bodaboda, eti hajui dereva kambeba nani kabla yake. Alipotoka nje akamkuta Mihayo ameshafunga ng'ombe kwenye mkokoteni, kitambaa puani.

"Panda nyuma na mama. Mimi natangulia mbele ya ng'ombe, sitakukaribia."

Njiani Limi, pamoja na maumivu, akamchokoza:

"Tangu lini bibi harusi akavutwa na ng'ombe?"

"Tangu bwana harusi alipokatazwa kumgusa!"

Getini palikuwa na ndoo ya maji na sabuni. Ndani akina mama wamekaa mbalimbali, kila mmoja na benchi lake. Limi akanawa, akaganda. Geti ni lilelile. Simu yake ikaita, na Mihayo akapaza sauti kutoka mkokotenini:

"Pokea, usikate. Nenda nami sikioni."

Akaingia, simu sikioni, mkono mmoja kwa Lusia. Nesi Hosiana akampima mara mbili.

"Presha imepanda sana. Ungengoja wiki nyingine, mama, tungekuwa tunaongea mengine. Leo hutoki hapa."

Limi akanong'ona kwenye simu, "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Usiondoke."

"Nina ng'ombe wawili na sala moja. Niende wapi?"

Siku ya kumi na moja tangu Mihayo arudi, kwa rehema za Mungu, Limi alijifungua mtoto wa kike. Wakamwita Milembe, yaani amani. Waliporuhusiwa kurudi nyumbani, zile siku kumi na nne zilikuwa zimepita na Mihayo hajakohoa hata mara moja. Hata hivyo alipofika uwanjani na mizigo akasimama, kwa mazoea.

Limi, aliyetangulia na mtoto, akageuka mlangoni.

"Mbona umesimama?"

"Kamba."

"Ivuke, baba Milembe. Na uikunje, hiyo ni ya ng'ombe."

Mihayo aliivuka. Kuikunja hakuikunja, mikono yote miwili ilikuwa imejaa. Lusia ndiye aliyeinama akaiokota.