Nyangeta na Mashua Yenye Kiu

Sogeeni karibu, wadogo kwa wakubwa, mkunje miguu na mfungue masikio. Leo kuna habari ya Nyangeta na mashua moja mkaidi.

Nyangeta alikuwa na miaka sita. Aliishi kisiwani Ukerewe na Mama yake, na Bibi yake, na kuku mmoja mwenye maringo.

Mama alikuwa fundi seremala. Alitengeneza vitanda, milango na viti, na hakuna kiti chake hata kimoja kilichowahi kuyumba.

Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na mashua ya zamani ya tanga. Ilikuwa ya marehemu Babu, na jina lake Tausi.

Zamani Tausi alikata maji ya ziwa, swaa, swaa. Mama alipokuwa mdogo, alikaa mbele kabisa, na Babu akashika usukani.

Sasa Tausi alilala kwenye majani, juani, mwaka baada ya mwaka. Rangi ilibanduka. Mijusi walihamia. Kuku mwenye maringo alitagia humo humo.

Nyangeta hakuwahi kupanda Tausi majini hata siku moja. Alimpanda nchi kavu tu, na nchi kavu mashua haifiki popote.

Siku moja akaja Mjomba Mafuru, kaka yake Mama. Alikuwa na shoka begani.

Mjomba alikuwa akikausha samaki kwa moshi, na moshi unataka kuni. Akamwambia Mama kwamba mashua ile imeshakufa, afadhali aipasue.

Nyangeta aliyasikia maneno hayo. Alikimbia, akaingia ndani ya Tausi, akashika ubao kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mjomba," alisema. "Tausi hajafa. Amechoka tu."

Mjomba akaitika marahaba, akakuna kichwa. Mama akaitazama mashua. Akamtazama Nyangeta. Kisha akaomba apewe nafasi ya kuitengeneza.

Mjomba alikubali. Aliwapa mpaka Jumamosi ya mwisho wa likizo. Tausi akielea, atabaki. Asipoelea, ni kuni.

Basi kazi ikaanza siku hiyo hiyo.

*Gonga, gonga, ko-ko-ko!*
*Tausi ataelea, ngoja utaona.*

Mama aling'oa mbao zilizooza, akaweka mpya. Alipiga randa, shwaa, shwaa, mpaka maranda yakamfika Nyangeta magotini.

Mijusi walihama wenyewe. Kuku alihamishwa kwenye kapu pamoja na mayai yake, akalalamika mpaka jua likazama.

Kati ya ubao na ubao kulikuwa na nyufa. Nyufa za mashua huzibwa kwa pamba iliyochovywa kwenye mafuta. Mafundi huiita kalafati.

Vidole vya Mama vilikuwa vinene. Havikuingia kwenye kona za mbele. Vidole vya Nyangeta vilikuwa vyembamba, viliingia kila mahali.

Nyangeta alichovya pamba. Nyangeta akaisukuma ndani ya ufa. Mama akafuata nyuma na nyundo.

*Gonga, gonga, ko-ko-ko!*
*Tausi ataelea, ngoja utaona.*

Upande wote wa kushoto ulizibwa na Nyangeta. Usisahau hilo, maana yeye mwenyewe hasahau.

Bibi naye alishona tanga. Lilikuwa na kiraka cha gunia, kiraka cha shuka, na kiraka cha kanga yake ya zamani.

Mwisho wakapaka rangi ya kijani. Tausi aling'aa. Nyangeta alilala akiwa na kijani puani.

Jumanne ya wiki ya mwisho, majirani walikuja kusukuma. Haya, sukuma! Haya, sukuma! Tausi akaingia ziwani, chubwi.

Nyangeta akapanda. Akakaa mbele kabisa, kichwa juu.

Mara akasikia ti, ti, ti. Kisha akasikia churu, churu, churu.

Maji yalikuwa yakiingia. Yaliingia kulia. Yaliingia kushoto. Yakamfika miguuni, yakampanda mpaka magotini.

Watu wakacheka. Mmoja akasema kwamba fundi wa vitanda abaki na vitanda vyake.

Waliivuta mashua mpaka ufukweni. Mama akapiga magoti. Alizikagua nyufa zote, akakuta zimejaa pamba. Hakuona mahali pa kuongeza hata kidogo.

Nyangeta alijua maji yameingia upande wake pia, ule wa kushoto. Aliona aibu, akalia. Mama akampangusa machozi kwa kiganja chenye rangi ya kijani, na pua ya Nyangeta ikawa ya kijani tena.

Jioni ile Bibi alitoa jembe lake, kwa sababu kesho angekwenda kulima. Jembe lilikuwa likicheza kwenye mpini, keche, keche.

Bibi hakuligonga. Alilitumbukiza kwenye ndoo ya maji, jembe na mpini wake, akaenda kupika ugali.

Asubuhi Nyangeta alilitikisa jembe. Kimya. Alilivuta kwa nguvu zake zote. Halikutoka.

Bibi alimwambia kwamba mpini ukikauka sana, husinyaa. Ukinywa maji, huvimba, na jembe likakaza.

Nyangeta alilijua jambo hilo. Pale kijijini kila mtoto analijua. Lakini asubuhi ile alisimama na jembe mkononi, mdomo wazi.

Alikimbia mpaka kwa Mama. "Mama, Tausi ni mti?"

"Ni mti," alisema Mama.

"Na amekaa juani miaka mingi. Mama, Tausi ana kiu. Tumloweke kama jembe."

Mama akaweka nyundo chini. Kisha akajipiga paji la uso, pa.

Unaona, fundi wa vitanda hukausha mbao maisha yake yote. Huziweka mbali na mvua. Kuloweka mbao hakumjii akilini hata ndotoni.

Na majirani je? Mashua zao zilikuwa ziwani kila siku, hazikukauka hata mara moja. Basi nao hawakukumbuka.

Mama na Nyangeta wakamrudisha Tausi majini. Wakambebesha mawe. Tumbu! Tumbu! Tumbu!

Tausi akashuka, akashuka, akakaa chini kwenye mchanga. Maji yalimfunika, yakamfika Mama kiunoni.

Ufukwe mzima ulicheka. Watu walisema hawajawahi kuona mtu anayezamisha mashua yake mwenyewe.

Nyangeta aliwasikia. Akaziba masikio kwa vidole vyake vyembamba, akaimba.

*Kunywa, kunywa, gu-gu-gu!*
*Tausi ataelea, ngoja utaona.*

Jumatano Tausi alikunywa. Nyangeta alikwenda kumtazama mara saba.

Alhamisi Tausi alikunywa. Nyangeta alikwenda mara tisa. Bibi alimwambia kwamba maharage hayaivi upesi kwa kufunuliwa chungu kila saa.

Ijumaa Tausi alikunywa bado. Kumbe kungoja ni kazi ngumu kuliko kugonga.

*Kunywa, kunywa, gu-gu-gu!*
*Tausi ataelea, ngoja utaona.*

Jumamosi ikafika. Mjomba Mafuru naye akafika, na shoka lake begani.

Nyangeta alimwamkia kwa adabu, lakini hakulitazama shoka.

Mama alitoa mawe, moja baada ya jingine, mpaka kingo za Tausi zikatokeza juu ya maji. Kisha wakashika makopo wakaanza kuchota maji. Chota, mwaga. Chota, mwaga.

Tausi akainuka kidogo. Chota, mwaga. Akainuka tena. Chota, mwaga. Akasimama juu ya maji.

Sasa watu wote walinyosha shingo. Je, maji yatarudi?

Nyangeta alipiga magoti ndani ya mashua. Alipitisha mkono kwenye upande wa kushoto, ubao baada ya ubao, polepole sana.

Nyufa hazikuonekana tena. Mbao zilikuwa zimevimba na kuibana pamba, zikashikana.

Alikuta tone moja la maji. Akalifuta kwa gauni lake, akangoja. Hapakuja tone jingine.

"Mama," alisema Nyangeta. "Upande wangu umeziba."

Mama akaugusa upande ule kwa kiganja. Akasimamisha mlingoti, akafunga tanga la Bibi lenye viraka.

Upepo ukaja. Tanga likavimba, pwaa! Tausi akatikisika kwa hamu ya kuondoka.

Mjomba Mafuru alisogea mpaka maji yakamfika magotini. Alikohoa kidogo. Akauliza kama bado kuna nafasi ya mtu mmoja.

Nyangeta alimtazama Mjomba. Safari hii alilitazama na shoka pia.

"Nafasi ipo, Mjomba," alisema. "Lakini shoka libaki."

Mjomba akarudi ufukweni. Akaliweka shoka mchangani. Akapanda taratibu, akakaa alipoambiwa akae.

Na Tausi akaondoka! Swaa, swaa, swaa.

Watoto waliocheka walikimbia ufukweni wakimfuata. Wakubwa waliocheka walipunga mikono, kana kwamba hawakucheka kamwe.

Mama alishika usukani, mgongo wima. Nyangeta alikaa mbele kabisa, maji yakimrukia usoni.

Alijivuna? Ndiyo, alijivuna. Alijivuna mpaka kifua kikamuuma kidogo, na hakuna aliyemkataza.

*Swaa, swaa, swaa-swaa-swaa!*
*Tausi anaelea, njoo uone.*

Jioni Nyangeta alioga, akala, akapanda kitandani. Mama akaja kumfunika shuka, akakaa pembeni ya kitanda.

Akamwambia kwamba leo watu wengi walimsimamisha njiani. Wote walitaka kujua fundi wa mashua ile ni nani.

"Ukawaambiaje?" aliuliza Nyangeta.

"Nikawaambia tuko wawili," alisema Mama.

Nyangeta akatabasamu gizani. Usingizi ulipokuja, ulimkuta bado anatabasamu.