Soksi ya Mguu wa Kulia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sindano alikaa kwenye sakafu ya sebule akaipakata miguu ya bibi yake. Kazi hiyo alipewa na mama yake, naye hakuwahi kuinung'unikia. Bibi alikuwa na ugonjwa wa kisukari. Miguu yake ilikuwa imeingia ganzi, na macho yake nayo yalikuwa yameanza kumtupa mkono. Siku moja alizunguka kutwa nzima na kifungo cha shati ndani ya kiatu bila kujua, na kidonda alichopata kilichukua miezi kupona. Tangu hapo, Sindano alikagua nyayo, visigino na katikati ya vidole, kidole kimoja baada ya kingine, bila haraka.

"Mke mwenzangu," bibi alimtania, "unatafuta nini huko chini? Kama ni dhahabu, tugawane."

"Natafuta vidonda, bibi. Tulia basi, mbona unachezesha vidole?"

"Kwani vinacheza? Mimi sina habari navyo."

Wote wawili wakacheka. Jina la Sindano alipewa kwa sababu ya wembamba wake, na likakaa kwa sababu ya ulimi wake. Nyumbani walikuwa na utani kwamba mtoto huyu akinyamaza nusu saa, apelekwe hospitali.

Mama alikuwa dobi. Aliondoka alfajiri kwenda kupiga pasi mashati ya watu, akarudi jioni mikono ikinukia wanga. Baba aliendesha lori la masafa marefu na alikuwa safarini wiki nyingi. Pikipiki yake alimwachia kaka yake Sindano, kijana aliyekwisha kumaliza shule, kwa maagizo mafupi: "Ni ya kumpeleka mdogo wako shule, na bibi yako kliniki gari la jirani lisipopatikana. Mengine uniulize."

Kaka mtu hakuuliza. Siku nyingi alikuwa akiudhika kwamba pikipiki ile humkalisha wima, magoti mbele, kama mtu aliye kwenye kiti cha kinyozi. Alitaka kukaa kama waendesha pikipiki za mashindano anaowaona kwenye televisheni: kifua juu ya tangi, viwiko nje, miguu nyuma na juu. Basi mama alipokuwa kazini, alivifungua vikanyagio vya dereva akavipeleka kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Fundi akamtengenezea mikono miwili ya chuma, na vikanyagio vikahamia nyuma, palepale vilipokuwa vikanyagio vya abiria. Vya abiria vikatupwa kwenye kopo la nati. Hata kile kibati cha kukinga joto la ekzosi, bomba la moshi, kiliondolewa, kwa sababu kilizuia breki ya mguu katika makao yake mapya.

Vijana wa mtaani walipomwona akipita ameinama vile, walimwita Rubani, naye akalipenda jina hilo kuliko lake.

"Na mimi miguu nitaweka wapi?" Sindano aliuliza asubuhi ya kwanza.

"Ining'inize tu. Wewe mwepesi, hutachoka."

"Kaka, hii siyo bembea!"

Rubani akashusha sauti. "Sikiliza, mdogo wangu. Baba akikaribia kurudi nitavirudisha. Mama hajui pikipiki, hataona kitu. Ila ukimwambia, ujue utatembea kwa miguu mpaka umalize shule. Umenielewa?"

Shule ilikuwa mbali, ng'ambo ya barabara ya viwandani yenye malori na vumbi. Sindano alielewa. Akaahidi.

Siku za mwanzo alijikaza. Alibana mapaja, akainua miguu, akaishikilia hewani hadi ikatetemeka. Akichoka aliishusha kidogo, akakumbuka ekzosi, akainua tena. Alimwomba kaka yake asimame ili aipumzishe miguu, lakini upepo na kofia ngumu vilimeza maneno yote. Mzigo uliofungwa nyuma ya pikipiki hauulizwi kama umechoka, na Sindano alijiona hana tofauti nao.

Asubuhi moja Rubani alivuka tuta bila kupunguza mwendo. Sindano alirushwa juu, akarudi kitini kwa kishindo, na mguu wake wa kulia ukalala kwenye ekzosi. Alipiga kelele. Kaka yake hakusikia. Alimgonga mgongoni kwa ngumi, naye akadhani anahimizwa, akaongeza mwendo.

Walipofika langoni mwa shule, ngozi ya upande wa ndani wa shavu la mguu ilikuwa imebambuka. Rubani alipoona, uso ulimbadilika. Akachuchumaa, akataka kushika, akaogopa.

"Pole, mdogo wangu. Pole sana. Sikusikia." Kisha akatazama huku na huku. "Lakini ni padogo, eti? Patapona. Vuta soksi juu. Tafadhali usimwambie mama."

Darasani, jirani yake wa dawati alimpa ushauri kwa kujiamini kama daktari mkuu. "Paka dawa ya meno. Inapoza. Kwani mdomoni huisikii ilivyo baridi?"

Sindano akapaka. Ilipoza kidogo, kisha ikawaka kuliko mwanzo. Ilipokauka, iligandamana na soksi, na kila alipoivua soksi ile alihisi anajichuna mwenyewe. Akaanza kufua soksi zake kwa siri, nyuma ya nyumba, kabla mama hajazitia mkononi. Lakini mama alimwona.

"Jamani, mwanangu amekua!" alimwambia bibi kwa furaha. "Siku hizi anajifulia mwenyewe."

Sindano aliinamisha kichwa. Sifa ile ilimuuma kuliko kidonda. Mama yake alikuwa fundi wa pasi. Alama ya moto angeitambua tangu mlangoni. Ilitosha kuvua soksi moja tu. Lakini akivua soksi, amemchongea kaka yake, na shule ameikosa. Asipovua, kidonda kinaendelea. Kila njia aliyoifikiria ilimrudisha pale pale. Na kila asubuhi, baada ya kukagua miguu ya bibi, alipanda tena nyuma ya pikipiki ileile.

"Mke mwenzangu," bibi alimuuliza asubuhi moja, "mbona umenyamaza? Tumegombana na sikuambiwa?"

"Hapana, bibi. Nasoma masomo kichwani."

Kidonda kilianza kutoa maji. Pembeni kikawa chekundu, na jioni alipogusa shavu la mguu alilisikia lina joto. Akajiambia kitapona. Hakuwa na hakika, lakini hakujua lingine la kufanya.

Ijumaa jioni mama alirudi na habari. Jirani mwenye gari, ambaye siku zote humpeleka bibi kliniki, gari lake lilikuwa limeharibika.

"Kesho utampeleka bibi yako," alimwambia Rubani. "Kwa pikipiki. Polepole."

"Sawa, mama," Rubani alijibu. Bibi akapiga makofi. "Mume wangu atanipandisha pikipiki! Majirani watakoma mwaka huu."

Sindano alimfuata kaka yake uani.

"Kaka, virudishe. Leo."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi! Ule mhimili wa zamani uliobeba vikanyagio, fundi aliukata. Ndio aliotumia kutengenezea hii mikono. Naye amesafiri." Rubani alizungumza bila kumtazama. "Nitakwenda polepole. Nitamwambia bibi anyanyue miguu."

"Bibi hasikii moto! Mimi niliungua nikapiga kelele. Yeye ataungua akiwa anakuhadithia mambo ya zamani."

Rubani alizungusha spana mkononi. Sindano akaona kwamba kaka yake mkubwa, Rubani wa mtaa mzima, naye alikuwa amekwama. Hilo lilimtia hofu zaidi, kwa sababu alikuwa akitegemea kwamba angalau mmoja wao anajua la kufanya.

Asubuhi yake alikagua miguu ya bibi kama kawaida. Alikagua mara mbili. Hapakuwa na hata mkwaruzo.

"Mzima," alisema.

Nje, pikipiki ilikuwa inaunguruma. Mama aliweka kigoda, akamshika bibi mkono. Bibi alivaa gauni lake la kutokea na ndara, na miguu yake ilikuwa mitupu kuanzia magotini. Sindano alisimama karibu akiwa na mkoba wa dawa. Alimtazama kaka yake, akitumaini atasema. Rubani aliangalia mbele, mikono imeshika usukani. Sindano akafungua kinywa. Ulimi ule uliolifanya jina lake likae haukutoa hata neno moja.

Bibi akapanda. Mguu wake wa kulia ukaning'inia, ukayumba, ukaielekea ekzosi.

Sindano aliuacha mkoba uanguke, akapiga magoti, akaushika mguu wa bibi kwa mikono yote miwili.

"Una nini wewe?" mama akang'aka. "Tumechelewa! Mwachie bibi yako!"

Sindano alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Hebu nikuelewe, mwanangu. Kuna nini?"

Akaachia mkono mmoja, akaishika soksi yake ya kulia, akaivuta chini. Ilikuwa imegandamana, lakini aliivuta hivyohivyo.

Mama alitazama. Hakuuliza ni nini. Miaka yote ya kushika pasi ilimtosha.

"Hii siyo ya leo," alisema polepole. Kisha akaitazama ekzosi iliyo wazi, akaangalia mahali ambapo miguu ya abiria ingekanyaga. Vikanyagio vya dereva vilikuwa vimepachukua. Akamshusha bibi, akamkalisha kwenye kigoda.

"Mama, nisamehe," Rubani alianza, akanyoosha mkono kuzima injini.

"Usizime. Kaa nyuma, anapokaa mdogo wako."

Rubani akasogea nyuma.

"Nyanyua miguu. Hapana, usikanyage chini, wala vikanyagio vya dereva. Barabarani ardhi inapita, haikanyagiki."

Akanyanyua. Mama akafunga mikono kifuani, akangoja. Haukupita muda mrefu mapaja ya Rubani yakaanza kutetemeka. Mguu wa kulia ulishuka, akasikia joto la chuma, akaruka pembeni nusura aanguke na pikipiki yake. Hakuna aliyecheka, hata bibi. Rubani alizima injini akajifunika uso kwa viganja.

"Nilimwambia asiseme," alisema. "Ni mimi."

"Na mimi nilikubali," Sindano alisema. Sauti yake ilikuwa imerudi.

Siku hiyo walikwenda kliniki kwa bajaji, bibi na Sindano nyuma, mama katikati yao. Muuguzi alikisafisha kidonda taratibu, akaondoa mabaki meupe yaliyoganda.

"Nani alikuandikia dawa ya meno?"

"Jirani yangu wa dawati."

"Mwambie amefukuzwa kazi," muuguzi alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi Sindano akatabasamu. "Ukiungua, weka maji safi ya bomba yatiririke hapo kwa muda mrefu, mpaka moto utulie. Usipake dawa ya meno wala mafuta. Halafu mwambie mtu mzima siku hiyohiyo. Ungengoja zaidi, tungekulaza."

Rubani hakungoja aambiwe. Alizunguka kwa mafundi wa pikipiki mpaka akapata mhimili mwingine uliotumika, akaomba usaidizi wa kuufunga. Vikanyagio vya dereva vikarudi mbele, vya abiria vikatolewa kwenye kopo la nati, na kibati cha kukinga joto kikakaa mahali pake. Baba alipopiga simu, Rubani alimweleza mwenyewe yote bila kuruka kitu. Alisikiliza kwa muda mrefu, akijibu "ndiyo, baba" tu.

Jioni mama alimwita uani. "Kutaka kupendeza barabarani si kosa," alimwambia. "Ila pikipiki ina viti viwili. Kabla hujabadilisha chochote, muulize anayeijua, halafu muulize na anayekaa nyuma. Na ukiona unamwomba mtoto akutunzie siri, basi ujue hapo umekosea tayari."

"Nimekuelewa, mama."

Jumatatu asubuhi, Sindano alipakata miguu ya bibi, akaikagua yote. "Mzima," alisema, akataka kuinuka.

"Unakwenda wapi? Lete na wako."

"Bibi, na macho hayo utaona nini?"

"Lete!"

Sindano akaketi kitini, akaweka mguu wake wenye bandeji juu ya mapaja ya bibi. Bibi aliupapasa taratibu, kuanzia kwenye goti kushuka, kwa vidole vilivyozoea kufanya kazi ya macho.

"Mimi miguu yangu ikiungua hainiambii," alisema. "Ndiyo maana nakuhitaji wewe. Lakini wako ulikuambia kila siku, mke mwenzangu, na wewe ukaufunika soksi. Ukiumia, sema. Hata kama umeahidi kunyamaza, hata kama anayekuumiza unampenda. Anayekupenda kweli atataka kujua."

Nje, Rubani alipiga honi mara moja, kwa adabu.

"Haya, niambie," bibi akasema. "Unauma?"

Sindano alifikiri kidogo. "Unauma, bibi."

"Vizuri. Na kesho nitakuuliza tena."