Koti la Mafuta

Kila jioni kazi ya kuosha vyombo ilikuwa ya binti wa darasa la tano, ambaye siku hizo kaka yake alimwita Bibi Kamasi. Makamasi yalimtiririka, akayapangusa kwa kiganja, kiganja akakifuta kwenye sketi, na sketi ilikuwa imeanza kukakamaa.

"Unatia kinyaa," kaka alisema, akisogeza kiti. "Hata inzi atakuomba ujifute."

Hakumjali. Hamu yake ilikuwa moja tu: kumbeba mdogo wao mchanga. Aliacha vyombo, akaenda chumbani.

"Umenawa kwa sabuni?" aliuliza shangazi, mtaalamu wa maabara aliyekuja kumsaidia mama. Alikuwa amempakata mtoto.

"Nimenawa, shangazi."

Shangazi alichungulia bafuni. Sabuni ilikuwa kavu, imepasukapasuka. Akampa mama mtoto, akamrudisha binti jikoni kwenye beseni la vyombo.

Maji yalikuwa yamepoa. Juu yalielea mafuta, makombo yaliyovimba na unywele mmoja. Harufu ilipenya hata pua iliyoziba.

"Tazama." Shangazi alisogeza matone mawili ya mafuta kwa kijiko. Yaligusana, yakasita, yakawa moja. "Kirusi cha homa ya mafua, kilichomo kwenye makamasi yako, kimevaa koti la mafuta. Seli za mwili wako nazo zimezungukwa na utando wa mafuta. Kwenye koti la kirusi kuna protini kama ndoano. Zinanasa, zinajikunja, zinavuta. Mafuta yakiungana na mafuta, mlango umefunguka. Kirusi kimeingia."

Binti alitazama kiganja chake, kinang'aa kwa ute.

"Ndiyo makamasi haya niliyotaka kumpaka mtoto?"

"Usoni kabisa."

"Sikunawa, shangazi. Nilidanganya."

Shangazi alidondosha sabuni ya maji katikati ya beseni. Mafuta yakakimbilia pembeni. "Sabuni hulivunja koti. Bila koti, kirusi hakiingii. Nawa sasa. Mtoto utambeba ukishapona, maana hata chafya yako ni hatari kwake."

Alipopona, alikuja mikono ikichuruzika maji. Shangazi hakwenda bafuni kukagua sabuni. Alimweka mtoto mikononi mwake.

"Huyu hawezi kukuuliza kama umenawa," alisema. "Sabuni inamlinda, mwanangu, lakini kwanza anautegemea ukweli wako."